Nani Analipwa Picha Ikiuzwa? Maisha na Kazi ya Vik Muniz

Hotuba kwa wanafunzi wa sanaa na wazazi wao, siku ya kufungua maonyesho ya mwisho wa mwaka

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliofunga biashara mapema ili mfike, na ninyi vijana mliozijaza kuta hizi: wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba, nimeshaitikia kabla hamjaniamkia.

Niliombwa nizungumze juu ya msanii mmoja aliye hai, wa mbali, ambaye kazi yake mnaweza kujifunza kitu kwake. Nikamtaja Vik Muniz wa Brazil. Waandaaji wakafurahi sana, na naijua sababu. Huyu bwana anajulikana kwa picha za taka, na humu ndani mwaka huu kila nikigeuka naona vifuniko vya soda, makopo ya rangi na nyaya za umeme. Kwa hiyo natarajiwa nisimame hapa niseme kwamba taka ni mali. Hilo mmeshalisikia kwenye semina za mazingira mpaka mmechoka, na chai mkanywa. Mimi leo nina swali la fedha. Nitamfuata Muniz tangu ujana wake, na kila anapopiga hatua nitauliza: hapa nani katoa, nani kapokea? Nadhani ukimsoma hivyo unamwelewa kuliko ukimsoma kwa vitu alivyochorea.

Jina lake kamili ni Vicente José de Oliveira Muniz. Alizaliwa São Paulo tarehe 20 Desemba 1961, mtoto pekee wa watu wa kipato kidogo. Baba mhudumu wa mgahawa, mama opereta wa simu. Aliyemfundisha kusoma ni bibi yake, na bibi alikuwa na mtindo wake: neno zima kwa mpigo mmoja, hakuna silabi wala ba-be-bi-bo-bu. Matokeo yake mtoto alifika shuleni anasoma vizuri lakini kalamu ikimshinda. Wenzake wakiandika, yeye anachora. Alipokuwa na miaka miwili jeshi lilipindua serikali ya Brazil, mwaka 1964, na wanajeshi hawakurudi kambini mpaka 1985. Ina maana alikua katika nchi ambayo gazeti halisemi kila kitu na wimbo huficha nusu ya maneno yake. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba malezi yale ndiyo yaliyomzoeza kutoamini kitu kwa sura yake ya kwanza.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kwenye matangazo, kurekebisha mabango ya barabarani ili dereva anayepita mbio ayasome. Msiidharau kazi hiyo. Kijana wa miaka kumi na minane analipwa kufikiria mtu aliye mbali anaona nini, na aliyesogea anaona nini. Miaka arobaini baadaye bado anafanya hilohilo, bei tu ndiyo imepanda.

Sasa tuje kwenye malipo ya kwanza. Usiku mmoja, Muniz kavaa suti ya sherehe, akakuta watu wanapigana barabarani akajitia kuamulia. Risasi ikampata mguuni. Aliyefyatua alikuwa mtu mwenye uwezo, akamlipa ili asimshitaki. Muniz akazipokea zile fedha, na ndizo zilizomfikisha Marekani mwaka 1983. Wazazi naomba mnisikilize vizuri: sisemi kwamba hiyo ni njia ya kutafuta nauli. Nasema tu kwamba kabla hajauza picha hata moja, huyu mtu alikuwa ameshajua kwamba maumivu yana bei, na kwamba anayelipa huwa analipia pia ukimya. Hilo tuliweke akilini, tutalihitaji tukifika kwenye sukari.

Alianzia Chicago, akifagia na kusafisha maegesho ya magari ya supamaketi. Kisha New York. Huko alianza kama mchongaji, akiunda vitu vya mzaha, mojawapo fuvu la kichwa lenye pua ya mviringo kana kwamba ni la mchekeshaji wa sarakasi. Akawa anavipiga picha vitu vyake kwa ajili ya kumbukumbu, na taratibu akagundua kwamba picha inampendeza kuliko kitu chenyewe. Hapo akavuka. Tangu wakati huo kazi ya mikono yake inaishi siku moja au mbili, inapigwa picha, inabomolewa. Kinachobaki na kuuzwa ni ile picha.

Mfano wa mapema: alikuwa na kitabu cha picha mashuhuri za jarida la Life, kikampotea. Akaanza kuzichora zile picha kwa kumbukumbu tu, moja moja, akikosea hapa na pale. Kisha akaipiga picha michoro hiyo kwa kamera isiyokaza vizuri, ikatoka na ukungu kidogo. Watu wakaitazama wakasema, aa, hii naijua! Hawakuijua. Walikuwa wanatazama makosa ya kumbukumbu ya Mbrazili mmoja, wao wakajazia yaliyobaki. Kazi hiyo ilimchukua kuanzia 1988 hadi 1990. Baada yake akajaribu waya, uzi, pamba iliyokunjwa ikawa mawingu. Ni kazi nzuri, za mtu mwerevu anayefurahia werevu wake. Kama angeishia hapo nisingewapotezea jioni yenu.

Sukari ndiyo iliyombadilisha. Katikati ya miaka ya tisini alikwenda mapumzikoni kwenye kisiwa cha St. Kitts, Karibi. Pwani ya mchanga mweusi akazoeana na watoto wanaocheza hapo, wachangamfu, wenye vicheko. Siku za mwisho wakampeleka kwao akaonana na wazazi wao, watu wa mashamba ya miwa, waliochoka mpaka machoni. Akarudi New York na picha ndogo za wale watoto, akazitazama na kujiuliza ule utamu wa watoto unakwenda wapi hata wakubwa wawe vile. Jibu lilikuwa kwenye bakuli la kila meza ya chai.

Angalieni alivyofanya, maana hapa fundi anaonekana. Karatasi nyeusi juu ya meza. Sukari nyeupe inanyunyizwa kidogo kidogo kwa vidole: palipo na mwanga usoni, kwenye paji, kwenye ncha ya pua, sukari inajaa, penye kivuli anauacha weusi wa karatasi wenyewe. Uso ukikamilika anaupiga picha. Kisha anakung'uta, anaanza mtoto mwingine. Ukikaa mbali ni mtoto. Ukisogea ni chembe za sukari, unaweza kuzihesabu. Na kila picha akaipa jina la mtoto na habari yake: mmoja ni Valentina, mwenye mbio kuliko wote, mwingine anapenda maji ya machungwa, mwingine hajui kuogelea. Ni mtu na tabia yake. Hakuandika "mtoto wa Karibi" basi.

Picha hizo ni za 1996. Mwaka 1997 zilitundikwa kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, MoMA, katika maonyesho ya wapiga picha wapya. Ndizo zilizomfungulia milango. Kwa mtu aliyezaliwa Brazil, nchi ya mwisho katika bara zima la Amerika kufuta utumwa, mwaka 1888, nchi iliyovuta mamilioni ya Waafrika kwa sababu ya miwa kwanza kabisa, sukari haikuwa rangi tu. Alijua anachokishika.

Lakini lile swali langu liko palepale. Mwenye jumba la sanaa kapata. Mnunuzi kapata kitu kinachopanda thamani. Msanii kapata jina. Valentina mwenye mbio kapata nini? Mwaka 2005 serikali ya St. Kitts iliifunga kabisa sekta ya sukari, baada ya zaidi ya karne tatu. Wale watoto walifika umri wa kutafuta kazi wakakuta hata shamba lililowamaliza wazazi wao halipo. Nyuso zao ziko kwenye makumbusho duniani, salama, zenye bima.

Simlaumu Muniz kwa hilo, wala sidhani kazi ile ni ya kinafiki. Naiona bado ndiyo kazi yake bora, na ukiniuliza nichague moja tu, nachukua hiyo, nawaachia takataka. Ila deni lilikuwepo, na naamini yeye mwenyewe alilisikia likimgongea mlango, kwa sababu alilolifanya baadaye linafuata mstari huo. Mwaka 1998, kwa maonyesho makubwa ya São Paulo, alikwenda kwa watoto wa mitaani wa mji wake, akawaonyesha vitabu vya michoro ya wakale, akawaacha wachague wenyewe wanataka kukaa kama nani. Kisha akaziunda picha zao kwa takataka zilizofagiliwa baada ya Kanivali. Hapo mkaaji, yule anayekaa apigwe picha, ameanza kuwa na neno. Fungu la fedha bado.

Katikati hapo kuna chokoleti, vumbi, almasi, hata mayai ya samaki ya kifahari. Mona Lisa wawili kwa siagi ya karanga na jamu. Waigizaji wa kike wa zamani kwa almasi, majitu ya sinema za kutisha kwa yale mayai ya samaki. Wateja walizigombania na mimi napita haraka, nisameheni. Isipokuwa vumbi: kwenye jumba la sanaa la Whitney, New York, alichukua vumbi lililofagiwa ndani ya jumba lenyewe akalitumia kuchora kazi zilizowahi kuonyeshwa humo. Hilo linanichekesha kila nikilikumbuka. Mfagiaji akaingia kwenye orodha ya waleta malighafi.

Sasa tufike Jardim Gramacho.

Lilikuwa dampo. Liko Duque de Caxias, nje kidogo ya Rio de Janeiro, kwenye ukingo wa ghuba ya Guanabara, na wakati huo lilihesabiwa kati ya madampo makubwa kuliko yote duniani. Lilipokea takriban tani 7,000 kwa siku. Juu ya mlima huo walifanya kazi maelfu ya waokotaji, Wabrazili wanawaita catadores, mchana na usiku, kwa zamu walizojipangia wenyewe. Lori likimwaga tu, watu wako chini ya mkia wake. Kila mtu na chake: huyu chupa za plastiki angavu, yule plastiki nyeupe, yule chuma, yule karatasi. Wakati wa mvua karatasi inakufa, wa karatasi anahamia plastiki. Kisha mizani, kisha dalali, na bei ni ya dalali. Walitoa humo kiasi cha tani 200 za vitu vinavyorejelezwa kila siku, bila mshahara wa halmashauri. Mzee mmoja, makamu wa rais wa chama chao, alikuwa na hoja ambayo naipenda kuliko hotuba zote za mazingira nilizowahi kusikia: usidharau kopo moja, maana tisini na tisa siyo mia.

Muniz alifika hapo akiwa tayari tajiri, na alisema wazi kwamba anataka kubadilisha maisha ya kundi la watu kwa kutumia kile wanachokishughulikia kila siku. Maneno makubwa. Ukiyasikia kwa msanii, shika mfuko wako. Ila tazameni alivyofanya.

Rais wa chama cha waokotaji alikuwa kijana, Sebastião dos Santos, wote wakimwita Tião. Alikuwa damponi tangu utoto. Aliokota humo vitabu, kimoja kikiwa cha Machiavelli juu ya watawala, akakikausha, akakisoma, akawalinganisha wakuu wa Italia ya zamani na magenge ya Rio. Mtu wa namna hiyo humwendei ukamwambia "kaa hapa nikupige". Wakakubaliana ajikalishe kama Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa aliyeuawa ndani ya beseni la kuogea mwaka 1793, katika mchoro maarufu wa mchoraji David. Beseni wakalipata palepale, katika taka. Tião akaingia, kilemba kichwani, mkono mmoja ukaning'inia. Nyuma yake mlima wa uchafu na ndege wanazunguka. Wengine nao wakachukua nafasi zao: mpandaji mbegu katika mchoro wa Millet, mpiga pasi katika mchoro wa Picasso, mama kijana na wanawe wawili wakakaa kama Bikira Maria.

Hatua ya pili ndiyo iliyo kiini. Muniz alikodi ghala. Picha ya Tião ikarushwa kutoka juu kwa projekta ikatandaa sakafuni, kubwa kama uwanja wa mpira wa kikapu. Msanii juu ya jukwaa, karibu na kamera, akielekeza kwa taa ya leza: hapo weka giza, hapo ondoa. Chini walikuwa waokotaji wenyewe, wanapanga walivyookota. Vifuniko vya chupa kwenye kivuli cha shavu, mabomba, matairi, viti vya choo vilivyovunjika, kamba, ndoo. Mtu anapanga uso wake mwenyewe kwa mikono yake, na kwa kuwa amesimama katikati yake hauoni. Anapanda ngazi mpaka juu, anatazama chini, ndipo anajiona. Kuna waliolia. Picha ikapigwa kutoka juu, zile taka zikaondolewa, nyingine zikaletwa kwa uso mwingine. Mradi huu Muniz aliuita Picha za Taka, wa mwaka 2008, na filamu ya kumbukumbu iliyoongozwa na Lucy Walker ikauonyesha dunia nzima mwaka 2010, ikateuliwa kuwania Oscar.

Mradi ukiwa unaendelea wakazozana, na nashukuru kamera haikuzimwa. Mkewe na msaidizi wake walimwuliza Muniz: hawa watu umewatoa dampo ukawaleta studio, wamekula, wamecheka, wameheshimiwa; wiki zikiisha unawarudisha wapi? Baadhi walikuwa wameshaanza kusema hawarudi. Muniz akajibu kwa ukali kidogo, kwamba yeye angekuwa ndiye wao angetaka aonjeshwe ile nafasi hata kama ni kwa muda, kuliko kuikosa kabisa. Nimelizungumza jibu hilo na wasanii wengi, wengine wanalikubali, wengine wanaliita kiburi cha mwenye tiketi ya ndege ya kurudi. Mimi nadhani wote waliomo kwenye chumba kile walisema kweli. Tofauti ni kwamba Muniz, safari hii, alikuwa amepanga malipo kabla ya picha kukauka.

Picha ya Tião, iitwayo Marat (Sebastião), ilipelekwa mnadani London, na Tião akapelekwa naye. Akaketi ukumbini, nyundo ikagonga kwenye pauni 28,000. Alilia, akampigia mama yake simu. Jumla ya mauzo ya picha zile ilipita dola 250,000, na fedha zikaenda kwa waokotaji na chama chao. Wakanunua lori na vifaa, wakajenga maktaba. Kisha picha zikaonyeshwa kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya Rio, na waokotaji wakaingia mlango wa mbele, wamevaa, waandishi wa habari wakiwauliza wao.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi hushusha pazia. Mimi naomba dakika chache zaidi, kwa sababu biashara haijaisha. Kwanza, picha ya aina hii haichapwi moja. Zinachapwa nakala kadhaa zenye namba, na kila nakala ni mali. Pili, mnunuzi wa leo ni muuzaji wa kesho. Pale ambapo sheria inamkumbuka msanii kwenye mauzo ya pili, inamkumbuka msanii peke yake. Aliyekaa kwenye beseni hana kifungu. Tatu, dampo lenyewe. Mwezi Juni 2012, siku chache kabla wakuu wa dunia hawajakusanyika Rio kwa mkutano wa mazingira wa Rio+20, Jardim Gramacho ilifungwa. Waokotaji waliokuwa kwenye orodha walilipwa fidia, takriban reais 14,000, fedha ya Brazil, kila mmoja, na fidia hiyo haikudondoka yenyewe. Chama kilikaa mezani, kikadai. Tião alikuwa msemaji, na sasa ni msemaji ambaye dunia imeshamwona. Nadhani hiyo ndiyo faida kubwa ya ile picha, kuliko zile pauni: siku ya mazungumzo, waliokuwa upande wa pili wa meza hawakuweza kusema hawamjui huyu ni nani. Hata hivyo, fidia ni ya mara moja, na dampo lilikuwa kazi ya kila siku. Kitongoji kinachozunguka pale kilibaki na umaskini wake na matope yake.

Baada ya Gramacho si kila kitu kilimnyookea. Mwaka 2015 alielea Venice na mashua yenye umbo la mashua ya karatasi wanayokunja watoto, urefu wa mita kama 14, imefunikwa gazeti lililoandika habari za ajali ya Lampedusa. Tarehe 3 Oktoba 2013, karibu na kisiwa hicho cha Italia, walizama watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea, na Wasomali pia walikuwemo. Hawa ni watu wa upande wetu huu wa Afrika; wako waliopita mijini mwetu, walionunua mikate madukani kwetu. Mashua ya Muniz ilizunguka kwenye mifereji ya Venice kati ya boti za kifahari za wanunuzi wa sanaa. Wapo walioisifu. Mimi sikuipenda, na nitawaambia kwa nini. Hakuna uso. Hakuna aliyechagua akae vipi, hakuna aliyepanda ngazi kujitazama, hakuna wa kulipwa. Mtu aliyetufundisha kuandika jina la Valentina, hapa aliandika gazeti.

Ile ya majivu nimeipenda zaidi. Tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio, yaliungua usiku kucha. Yalikuwa na vitu milioni 20. Muniz akachukua majivu ya moto ule, akayatumia kuunda upya sura za vitu vilivyopotea au kuharibika, likiwemo fuvu la Luzia, mabaki ya mwanamke aliyeishi Brazil zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Yaani kitu kinachorwa kwa majivu ya moto uliokiunguza. Hapo werevu na huzuni vimekaa pamoja bila kugombana.

Na kwa wanaopenda kutembea: mkifika New York, shukeni kituo cha treni cha 72nd Street, njia ya Second Avenue iliyofunguliwa Januari 2017. Kutani kuna watu zaidi ya thelathini wa mozaiki, ukubwa wa binadamu, wanasubiri treni kama nyinyi. Kuna aliyevaa vazi la chui-milia, kuna mpishi kashika samaki, kuna wanaume wawili wameshikana mikono. Na kuna bwana mmoja anakimbia, mkoba umefunguka, karatasi zinampeperuka. Huyo ni Muniz mwenyewe. Kituo ni cha umma na hakuna wa kuuza ukuta ule. Anayepita anatazama kwa nauli yake ileile.

Huko Rio, kwenye favela, yaani mtaa wa watu maskini, ya Vidigal, alifungua shule ya sanaa na teknolojia kwa watoto wadogo, wale walio katika umri aliokuwa nao yeye akifundishwa na bibi yake. Ni kazi yenye bajeti, walimu, maji na umeme wa kulipia kila mwezi, na haitundikwi popote.

Sasa, vijana. Nimezunguka ukumbi kabla hamjaketi. Upande wa dirishani kuna picha ya mama muuza samaki, imeundwa kwa magamba ya samaki yaliyokaushwa, kazi safi kabisa. Ukisogea unaiona hata chumvi. Kando yake kuna karatasi ya bei, na bei ni nzuri, sipingi. Ila nimesoma jina la msanii, nimesoma vipimo, nimesoma aina ya gundi. Jina la mama sikuliona. Magamba alitoa nani? Aliambiwa yanakwenda wapi? Yupo humu ndani leo, au yuko ferini hajui kwamba uso wake una bei?

Sitaki jibu la "nilimwomba ruhusa". Ruhusa ni salamu tu. Nataka tuongee asilimia. Tião alipelekwa mnadani akaketi ukumbini. Sisi nauli ya daladala kutoka ferini mpaka hapa haitushindi. Chuo kinaweza kuandaa fomu moja, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti kwa asiyesoma: mkaaji anaitwa nani, anakubali jina lake liandikwe au anataka lifichwe, picha ikiuzwa anapata kiasi gani, na ikichapwa nakala ya pili anapata nini. Mkuu wa chuo yuko hapa na ananiangalia kwa jicho ambalo nalijua tangu tukiwa wanafunzi, kwa hiyo nadhani tutaelewana.

Mwenye ile picha ya magamba naomba anyanyue mkono, nina maswali mawili kwake, na baada yake kipaza sauti kiende kwa wazazi kwanza. Ahsanteni kwa kunisikiliza.